Neno Baba ni la Nani

Mpendwa Mama Kamau,

Mko salama hapo Yamumbi? Mahindi yameshika, ama mvua imewachezea tena? Mimi ni mzima, ila baridi ya Kanada na wivu vinanimaliza. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu unacheka, na ukicheka hasira inaniishia kabla sijaisema.

Juzi tukila chakula cha mchana hapa ghala la nyama, mwenzangu mmoja alisema dunia yote ni mchezo ndani ya kompyuta ya watu watakaokuja baadaye, na sisi ni nakala tu. Nikamwambia, "Wewe, umedhani mengi kabla ya kufika hapo! Umedhani akili inaweza kukaa ndani ya mashine. Umedhani hao watu, na uwezo wao wote, watataka kutuiga sisi tunaokata kuku. Tena umedhani nakala zitakuwa nyingi kushinda watu wenyewe."

Nilicheka, lakini hilo la mwisho halikunitoka. Kama nakala ni nyingi, basi kuna mimi mwingine, ambaye uchaguzi ule wa vurugu kwake ulipita kwa amani, na nyumba yake haikuchomwa kama yetu. Hakupanda ndege. Saa hii anakunywa chai yako. Namwonea wivu huyo mtu, na hata simjui.

Lakini afadhali yeye kuliko jirani yetu Kiprono. Uliniambia anakutengenezea fensi, anambeba Kamau mabegani, na mtoto anamwita baba. Siku tatu chakula hakikupita. Najua ndiye aliyetufungulia mlango wake tujifiche siku ile ya moto, na bado nilimchukia. Halafu ukanieleza: mtoto hunisikia kwa simu nikimwita yeye "baba", kwa vile ana jina la marehemu baba yangu, naye akafikiri ndivyo wanaume wanavyosalimiana. Kumbe ni mimi niliyemfundisha! Na kwake mimi ni sauti ndani ya mashine. Mwenzangu akisikia atasema ameshinda.

Nisalimie dada yako, mwalimu wa Turbo. Kiprono pia msalimie, ingawa jina lake nimeliandika kwa shida. Mama yangu mweleze polepole: kuanzia simu ya Jumapili sitamwita mtoto baba tena. Nitamwita Kamau, kama majirani wanavyomwita. Marehemu mzee anisamehe, lakini hilo neno nalihitaji mimi.

Wako,
Baba Kamau