Ungo Mdogo Wenye Silaha

Majimoto,
Mpimbwe, Katavi.
22 Juni 2025.

Mpendwa Dada Odeta,

Pokea salamu zetu huko Masasi, wewe na shemeji na wote wanaolala chini ya bati lenu. Kabla ya yote nauliza mgongo: umepoa, au bado unakuamsha kabla ya jogoo? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, ila macho yake siku hizi yanachagua. Sindano haioni, lakini chupa yangu ya bia anaiona toka uani.

Mpunga umekubali mwaka huu. Kila penye ardhi tupu pameanikwa, hata nyuma ya kanisa.

Najua jirani yetu Scola ameshakueleza kwamba mdogo wako ndiye mwongo wa kijiji. Simu yako niliiona inaita, nikaiacha makusudi. Kwenye simu ungecheka kabla sijafika katikati. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, kwa hiyo kaa usome mpaka mwisho.

Unamkumbuka yule ndege wa mbugani mwenye miguu mirefu, mweusi na mweupe na kijivu, anayesimama kwenye maji ya majaruba ya mpunga na kulia ti-ti-ti kama mtu anayegonga jembe kwa nyundo? Mwezi wa tano wawili walikuja wakataga mayai manne katikati ya kiwanja cha kuanikia mpunga cha kikundi cha akina mama. Kiota hawana. Wanakwangua udongo kidogo, wanataga, basi. Mimi nimewaangalia ndege hawa miaka kumi na moja, na sijawahi kuona mayai yao yakifika mwisho. Kwato, miguu ya watu, moto wa majani, kila mwaka kitu fulani. Safari hii nikaapa yatafika.

Nikazungushia vijiti. Mwenyekiti wa kikundi ni Josephina, mama yake Heri, na unamjua. Alikuja akasimama, mikono kiunoni.

“Gervas, mayai manne yakae mahali pa turubai mbili? Hayo hata ya kukaanga hayatoshi!”

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona ukweli peke yake hautamtosha, nikauongezea mtu. Nikawaambia kitaalamu ndege huyu anaitwa Vanellus armatus, jambo ambalo ni kweli, nimelisoma mwenyewe. Kisha nikasema Vanellus alikuwa profesa wa Kizungu aliyemgundua, na ukoo wake unafuatilia ndege hawa mpaka leo, kijiji kwa kijiji. Dada, uongo huo niliusema vizuri mno. Nilimpa yule mzee hata mjane.

Wiki mbili hakuna aliyegusa vijiti vyangu. Wiki ya tatu Method, yule fundi simu wa pale sokoni, akamtafuta profesa wangu kwenye mtandao mbele ya watu.

“Mzee Gervas, huyu bwana wako kazikwa wapi? Maana hata kuzaliwa hajazaliwa.”

Walicheka mpaka mashine ya kukoboa ikazimwa ili na mwendeshaji asikie. Tangu siku hiyo nikipita naambiwa shikamoo profesa. Mama Heri yeye hakucheka. Alisema Jumamosi vijiti vinang’olewa na turubai zinatandikwa, na nisimletee tena marehemu.

Zilibaki siku tatu. Nikapanda pikipiki mpaka Kibaoni kwa mzee Maximilian, katekista mstaafu, mwenye kamusi ya Kilatini aliyoachiwa na mapadri wa zamani. Mchwa wamekula mwanzo wake wote, lakini herufi ya V ipo. Tukakuta vannus: ungo, chombo cha kupepetea nafaka. Wataalamu wa kale walisikia mabawa ya ndege wa jamii hii yakipiga hewa, wakaona ni mtu anapepeta. Vanellus ni ungo mdogo. Armatus mzee alilijua bila kitabu: mwenye silaha. Hilo sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kila bawa lina mwiba mweusi kwenye kiwiko, na mimi nimewahi kupigwa nao sikioni.

Dada, nilikaa pale kwa Maximilian nikaona aibu vizuri. Nilikuwa nimetunga mzee mzima na mjane wake kufunika neno ambalo mama zetu wanalishika mikononi kila siku.

Ijumaa nikaenda kiwanjani wakiwa wanapepeta. Nikavua kofia, nikasema profesa hakuwepo, niliwadanganya. Kisha nikasema jina lilivyo kweli.

“Mwezi uliopita Mzungu, leo ungo,” akasema Mama Heri. “Kesho atakuwa diwani.”

“Msiniamini. Nyamazeni tu, msikilize.”

Nikatembea kuelekea vijiti. Ndege akaruka, akapita juu ya vichwa vyetu mara mbili akitaka sikio langu la pili. Fwaa, fwaa, fwaa. Nyungo zote zilikuwa zimesimama. Bibi Hana, ambaye hakuna anayemshinda kupepeta kata nzima, akainamisha kichwa.

“Huyo bado yuko kwenye pumba,” akasema. “Kwenye mchele hajafika.”

Sasa wewe unaijua sheria ya pale kiwanjani. Mwanamke akishaanza kupepeta haondolewi mahali pake mpaka amalize fungu lake, hata kama aliyechelewa ni mke wa mwenyekiti wa kijiji. Sheria hiyo Mama Heri ndiye anayeisimamia, na ameshawatoza watu kuku kwa ajili yake. Wenzake wote wakamgeukia.

“Haya, amalize fungu lake,” akasema. “Lakini profesa atageuza mpunga wetu kila siku mpaka hapo, na atageuza kwa miguu kama sisi.”

Nimegeuza siku kumi na tano. Nyayo zimepasuka, wanaume wamenipiga picha, na Ngolo, yule mfugaji, alipopitisha ng’ombe wake karibu nilisimama mbele ya dume lake kwa fimbo ya mwavuli. Ndege alinisaidia kulitandika puani. Ngolo akauliza ni nani kati yetu ana wazimu zaidi.

Jana asubuhi mayai matatu yalianguliwa. La nne lilikuwa bovu. Vifaranga hao hawangoji kulishwa. Kabla ya adhuhuri walishatembea na wazazi wao kwenda majarubani.

Mama Heri alikuja na wenzake na turubai. Wakatandika kulia, wakatandika kushoto, wakazunguka vijiti vyangu, pale katikati wakapaacha wazi.

“Mama Heri,” nikamwambia, “wameshaondoka.”

“Kwani mimi sina macho? Geuza mpunga huo.”

Nisalimie shemeji, na Lucia, na Nathanael mwambie barua yake nimeipata. Mama anakuombea mgongo wako kila jioni, na mimi naitikia amina kwa sauti ili asikie. Mungu akutunze, akulinde katika njia zako zote.

Ndimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Gervas