Walifua Ile Kanga

Mama Neema,

Ulikufa Jumanne saa nne asubuhi, jikoni kwa sokwe, unakata papai. Presha. Alhamisi tukakuzika kwenu Munisagara, makaburi ya kanisa. Watu walijaa.

Tabu, yule sokwe mdogo unayemlea, alikuwa mgongoni kwako ulipoanguka. Hakukuachia. Mimi nilikuwa nje nachimba mashimo ya uzio, nikasikia anavyopiga kelele. Tulimbandua watu watatu. Akaning'ata kidole.

Nakumbuka alivyoletwa hapa kwenye kituo chetu cha sokwe. Askari walikagua lori la Kongo hapo Mikumi barabara kuu, wakamkuta kwenye ndoo, juu gunia. Mdogo kama paka. Mama yake walishamuua huko porini. Daktari wa wanyama akasema huyu wiki haimalizi. Wewe ukavua kanga yako ya njano ukambeba, kama ulivyombeba Neema. Mwaka mzima unakoroga uji yeye yuko mgongoni.

Siku moja nikakwambia, si umlete tu nyumbani, mmeshazoeana. Ukanijibu, "Aliyemnunua naye alitaka akae naye nyumbani. Ndo maana mama yake kafa. Mimi namlea niwape wenzake." Niliona aibu. Sikukwambia.

Kitu kimoja tu sikukipenda. Kabla ya kumlisha unamchambua manyoya, unagonga midomo, pwa pwa pwa, kama wanavyofanya wao. Bila hivyo hali. Nikakucheka mbele za watu, "Mama Neema, mkia unaota lini?"

"Sokwe hana mkia, mjinga wewe. Njoo ujifunze. Siku nikiumwa nani atamfanyia?"

Nikasema mimi mtu wa koleo. Nikaondoka.

Sasa sikiliza. Ijumaa daktari alipiga simu msibani. "Pole, Baba Neema. Tabu hajagusa chupa tangu Jumanne. Akiendelea hivi tunampoteza."

Nikawaza kanga ya njano. Nguo zako ni za ukoo wenu, si zangu, najua. Nikaenda kuomba. Mdogo wako akanivaa.

"Shemeji, nguo ya dada yangu ukampe nyani?"

"Sokwe."

"Ndo nini? Naye kaja msibani kurithi?"

Wanawake wakacheka. Mjomba wenu akasema, "Mpe. Marehemu alimbebea hiyo." Mdogo wako akanipa, imekunjwa vizuri.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Kilosa, nikachukua gari la Mikumi. Kanga nimeishika mapajani. Nikamkuta Tabu kajikunyata kwenye kona, macho yameingia ndani. Nikampa. Akainusa. Akaitupa.

Walikuwa wamefua. Nguo za marehemu zinafuliwa kabla ya kugawiwa, ndiyo desturi, na maji niliwachotea mimi mwenyewe. Sikuwaza. Ilinukia sabuni tu, wewe humo. Tabu akageukia ukuta.

Ndo nikamkumbuka mtani wenu, yule mama wa Kinyamwezi aliyekuigiza msibani. Siku ya mazishi alivaa gauni lako na mabuti yako, kajifunga boga mgongoni. Akanishika kichwa mbele ya mchungaji, ananitafuta chawa, anagonga midomo. "Kula, mume wangu! Usipokula nakurudisha Kongo!" Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi pia. Yeye alikuangalia akashika. Mimi niliyekaa na wewe sikushika.

Basi nikakaa chini kwenye sakafu. Nikaanza. Pwa pwa. Midomo mikavu, nakosea. Mlinzi alikuwa dirishani, akacheka. Nikamwacha acheke. Nikamchambua bega, mgongo, nyuma ya sikio. Muda mrefu haoni kama nipo. Halafu akageuka. Akakishika kidole changu kile alichoking'ata, akaanza kuchambua bandeji, taratibu, na yeye anagonga midomo.

Nikampa chupa. Akamaliza. Nikampa nyingine. Daktari akatoka nje.

Ulinifundisha nikakataa. Hapo nilikosea, nasema wazi. Lakini sasa naweza, na leo Jumapili amekula mara nne.

Yule jike mkubwa uliyekuwa unamsifu amekuja kwenye wavu, akamnyooshea mkono. Tabu hajamfuata bado. Atamfuata. Nitamzoesha mti mmoja mmoja, kama ulivyokuwa unafanya. Siku ya kumwachia kwa wenzake nitamwachia, sitamng'ang'ania. Najua itaniuma. Itaniuma na nitamwachia.

Neema yuko kwa mjomba wenu mpaka shule zifunguliwe. Analia, anakula. Mdogo wako anasema ni aibu mfiwa kutoka matangani mapema hivi. Aseme. Mjomba ameniruhusu.

Pumzika, mke wangu. Ulifanya kazi nzuri na watu wameiona. Tabu anakunywa maziwa saa moja asubuhi. Kesho narudi kazini.

Mumeo,
Baba Neema