Mkwaruzo wa Sikio la Kushoto

Kolkata, Jumatatu

Kaka Dhritiman,

Sisi wazima, ila mvua imeingia hadi jikoni na paka kahamia kabatini.

Ile amplifaya ya zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti, mliyounda wewe na Baba, inakwaruza kwenye hedifoni, sikio la kushoto. Inatulia siku mbili, kisha inaanza tena. Ilianza baada ya Baba kubadilisha waya mmoja, lakini lawama zote anakutupia wewe.

"Kazi ya kakako hiyo! Alilehemu kwa pupa, na akahama kwa pupa!"

Amebadilisha taa, hakuna nafuu. Jana nikavaa hedifoni, naye akagonga kiungo kimoja kimoja cha lehemu kwa penseli, mkono wa kushoto mfukoni kama alivyotufundisha, umeme usije ukapita moyoni. Vyako vyote kimya. Cha ule waya wake mpya kikapiga kelele. Lehemu yake ilikuwa imepauka na kuchanika, kama vile waya ulitikiswa kabla haijapoa.

"Baba, uliutikisa?"

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kazi?"

Nikaitazama penseli mkononi mwake. Ilikuwa inatetemeka.

"Kakako asijue," akasema taratibu.

Ndiyo maana nakuandikia. Alizima umeme, tukasubiri umeme uliobaki ndani ya mashine uishe. Kisha akanikabidhi chuma cha kulehemu nikirudie kiungo kile, akarudi nyuma hatua moja, akatia mikono yote miwili mfukoni.

Mdogo wako,
Mohua