Mbuzi wa Salama na Hasira ya Nyani

Kambini, nje ya Mtito Andei

Kwa dada yangu Mbithe,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yote miwili, na lile goti limeacha kukusumbua. Mbaazi zimezaa vipi huko Kanyangi? Huku mvua ilinyesha siku mbili, halafu ikakumbuka iko na kazi mahali pengine. Mimi ni mzima, tena nimenenepa.

Bado mimi ndiye mpishi mkuu wa kambi hii. Ni kweli mpishi ni mmoja, lakini mkuu ni mkuu. Juzi chatu aliingia jikoni, mrefu kama kutoka mlango wako mpaka zizi la mbuzi. Nilimvuta nje kwa mkia huku nikigeuza chapati kwa mkono ule mwingine, na hakuna chapati iliyoungua. Uliza mtu yeyote hapa. Lakini dada, leo sikuandikii habari za chatu. Nina neno ambalo limenikaa kifuani zaidi ya mwaka.

Yule mama Mzungu ninayempikia tunamwita Daktari, ingawa hajui kudunga hata sindano. Udaktari wake ni kukaa juu ya jiwe tangu asubuhi akiangalia nyani na kuandika: nani amemkasirikia nani, nani amekaa na nani. Mwanzoni nilimcheka. Siku hizi mwenye kumbebea chai na darubini ni mimi, na nyani wote nawajua kwa sura. Dume lao kubwa tumelipa jina Chifu.

Daktari anasema hasira, woga, aibu, hata uchungu wa mama aliyefiwa, havikuanza na sisi. Vilianza kwa wazee wa kale sana, kabla mtu hajaitwa mtu. Aliyemwogopa chui alikimbia, akaishi, akazaa. Asiyeogopa aliliwa na hakuacha mtoto.

"Kwa hivyo sisi sote ni wajukuu wa waoga," akaniambia.

"Labda kwenu, Daktari. Kwetu Kanyangi hakuna mwoga."

Akacheka. "Kioko, ukikasirika, nywele za mkono wako zinafanya nini?"

"Zinasimama."

"Na hizo chache zitamtisha nani?"

Akanionyesha Chifu, ambaye alikuwa amekasirikia dume lingine. Manyoya yalikuwa yamesimama mpaka akaonekana mkubwa mara mbili, na alikuwa akipiga miayo ili meno yaonekane. "Manyoya tuliyaacha njiani," Daktari akasema, "lakini hasira tukaja nayo."

Mambo ya sisi na nyani kuwa na babu mmoja, mchungaji wenu akiyakataa sitamlaumu. Mimi najua ni Mungu aliyeumba. Lakini nilipomwona Chifu amevimba vile, nilijiona mwenyewe siku ya ntheo ya binti yako Mwende, watu wa kule Salama walipotuletea mbuzi wa kumposa.

Unakumbuka nilikataa yule beberu wao asichinjwe, kwa sababu sikio lake lilikuwa limeraruka, na mbuzi wa ntheo hapaswi kuwa na kasoro. Mzee Nzioki, baba ya yule kijana Mutua, alieleza vizuri kwamba ni waya ya lori iliyolishika njiani. Akasema ataleta mwingine. Lakini dada, shida haikuwa sikio. Wewe ulikuwa jikoni, hukusikia kilichotangulia. Nilikuwa nikiwasimulia wageni vile nilivyofukuza simba kwa mwiko. Mzee Nzioki akaniuliza, "Mjomba, na huyo simba alikuwa na meno?"

Watu wote wakacheka. Hata shemeji Kilonzo alicheka mpaka akashika mbavu. Nikasikia shingo yangu inapata moto na nywele zinasimama. Hapo ndipo nikaanza kutafuta kosa, na macho yakaangukia sikio.

"Mnatuletea mabaki ya fisi?" nikasema.

Nilijua mjomba wa msichana asipokubali kuonja nyama ya ntheo, siku imeharibika. Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Wao wakarudi na mbuzi wao.

Sasa usiyoyajua ni haya. Miezi mitatu baadaye Mzee Nzioki alinitumia mtu hapa Mtito Andei. Alinikuta hotelini nikinywa chai. "Mzee anasema mambo yaishe," akaniambia. "Ameweka beberu mwingine, mwenye masikio yote. Kijana bado anamtaka Mwende. Ni neno lako tu linangojwa, mjomba."

Madereva wa malori walikuwa wametega masikio. Nikaona aibu kulegea mbele yao. "Mwambie aje mwenyewe," nikajibu, "tena aje akitambaa."

Wakacheka, nikajiona mwanaume. Yule mtu akaenda zake. Nyinyi huko mkakaa mkidhani ni watu wa Salama walionyamaza. Krismasi nilipokuja, Mwende alinimiminia maji ya kunawa, akaniuliza polepole, "Mjomba, hakuna habari kutoka Salama?" Nikamwambia, "Hakuna. Hao si watu."

Mwezi uliopita Chifu alimuuma jike mmoja, wakagombana vibaya. Nilikuwa nimemmiminia Daktari chai. Kabla haijapoa, Chifu alimwendea yule jike taratibu, akiguna kwa sauti ndogo, na jike akamwacha akae karibu. Daktari akasema kundi likivunjika, chui anawamaliza mmoja mmoja, kwa hivyo walioishi ni wale waliojua kurudiana. Chai haijapoa, dada! Na mimi mwenye mdomo wa kuwatosha watu kumi nimeshindwa zaidi ya mwaka.

Nikaomba ruhusa ya siku mbili nikaenda Salama. Nilimkuta Mzee Nzioki akikata akala, vile viatu vya tairi, kando ya barabara. Nikamwambia, "Nilikosa." Sikuongeza kitu. Akaweka kisu chini, akaagiza chai.

"Tulikungoja, mjomba," akasema. "Yule beberu nilimlisha mpaka watu wakaniuliza kama ni mtoto wangu. Mutua alioa baada ya mavuno. Mkewe ni mjamzito."

Nikavua kofia yangu.

"Kwani ulikasirika kwa sababu nilicheka?"

"Ndiyo."

"Nilicheka kwa sababu hadithi ilikuwa tamu. Tukirudi na lori, hata na hasira ile, niliwasimulia tena wenzangu yote, simba na mwiko."

Hiyo ndiyo habari, Mbithe. Naomba Mwende asome barua hii kwa macho yake. Ajue Mutua hakumkataa wala hakumsahau haraka. Mimi ndiye niliyesimama njiani. Hasira kama ilitoka kwa wazee wa kale sijui, lakini ule uongo wa Krismasi niliutunga peke yangu.

Nitafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Usinichinjie kuku. Msalimie shemeji Kilonzo, na mama yetu mzee, mwambie blanketi lake nimelipata. Msalimie pia jirani yako fundi wa cherehani. Kwa Mwende sitatuma salamu za karatasi. Zake nitazileta mwenyewe, na asipozipokea, usimlazimishe. Nitakaa hapo nje kidogo, halafu nirudi kazini.

Ndugu yako aliyekukosea,
Kioko