Sharti Nililomsingizia Kaka

Tunduma, Jumanne, mwezi wa saba 2013

Upepo wa leo umeingiza vumbi hadi kwenye sufuria ya chai, na kwa baridi hii asubuhi nzima nimekaa dukani na soksi mbili mbili. Lakini siyo baridi iliyonifanya nijifiche nyuma ya vitenge vyangu. Ni aibu. Mteja mmoja kutoka Nakonde ameniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Acha niseme nilichofanya, maana nisipokisema hapa kitanikaba.

Asheri anatarajia kunioa mwezi wa kumi. Ni fundi wa malori, mtu wa milimani Ileje, mpole mpaka watu wanadhani hajui kukasirika. Mimi nina duka hili na nyumba ya vyumba vitatu kule Sogea, niliyoijenga kabla sijamjua. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwanasheria Vwawa, nikamwomba atuandikie mkataba wa kabla ya ndoa. Nyumba ibaki yangu, litokee litakalotokea.

Wanawake wengine wana sababu zinazoeleweka. Baba alikufa, ndugu wakaja kung'oa hadi mabati. Dada alifukuzwa na nguo alizovaa. Ningependa kuandika kwamba na sisi yalitukuta. Hayakutukuta. Naipenda tu nyumba yangu. Nilihamia kabla haijapata milango, nikaziba kwa magunia, na sitaki mtu mwingine aitwe mwenye nyumba.

Hilo si dhambi, nadhani. Dhambi ni lililofuata.

Asheri aliposoma ile karatasi aliuliza taratibu, "Hili ni wazo lako, Eliza?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Hapana, ni sharti la kaka Lameki. Si unajua mambo ya ndoa, wenye neno ni wao."

Kwetu uongo wa namna hiyo unapita kirahisi. Posa anapokea kaka, mahari anataja kaka, binti yuko jikoni ametega sikio. Nilijua Asheri hataniuliza zaidi. Nilichosahau ni kwamba mtu aliyelelewa vizuri akisikia shemeji yake ana shaka naye, hanuni. Anafunga safari.

Jumamosi alichukua jogoo, akamwomba mzee mmoja wa kanisa lao amsindikize, wakaenda hadi Hasamba. Wakamkuta kaka anaanika kahawa.

Kaka alinipigia jana. "Mchumba wako amekaa hapa kwenye benchi, kavua kofia, ananiambia, shemeji, kama kuna tabia umeiona kwangu inakutia shaka, niambie nijirekebishe. Mimi hata sijui anaongea habari gani!"

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Ningejibu nini, mdogo wangu? Nilijua tu mkono wako umo. Nikasema ndiyo, shemeji, sharti ni langu. Nikapokea jogoo." Akakohoa kidogo. "Alinishukuru, Eliza. Na wifi yako amemfunga jogoo kamba nyuma ya nyumba, anasema yeye hapiki jogoo wa kosa ambalo halipo."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea, hilo naliweza sana.

Asheri naye alirudi na jibu lake: atasaini Alhamisi, kwa heshima ya kaka. Kwa hiyo nilikuwa nimepata yote. Nyumba, mume na sifa ya binti mtiifu. Usingizi tu ndio uliokataa.

Leo mchana nimefunga duka nikaenda gereji. Asheri alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikaongea na miguu. Nakiri ilikuwa afadhali hivyo.

"Asheri, lile sharti ni langu. Kaka hakujua chochote."

Spana ikanyamaza. Alitoka taratibu, akakaa chini pale pale kwenye oili. Nilijiandaa kwa maswali ya mkataba. Nilikuwa na majibu, tena mazuri.

"Yaani kaka yako alibeba kosa lisilo lake, mbele ya mzee wangu?"

"Ndiyo."

"Mimi njia nzima ya kurudi nilikuwa namsema. Nilimwambia mzee kwamba yule shemeji ana roho ndogo." Alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Jumapili tunakwenda Hasamba, na mzee atakuwepo. Utasema wewe, kwa mdomo wako. Habari ya nyumba iache kwanza."

Kisha akarudi chini ya lori. Hakuniaga.

Sikuwahi kumwona hivyo. Kumbe hasira anayo, na mimi ndiye niliyeitafuta mpaka nikaipata.

Ajabu ni kwamba bado naitaka ile karatasi. Nimeona haya mpaka masikio yanawaka, lakini naitaka. Kama ningemwambia hivyo siku ile, uso kwa uso, labda tungebishana, labda angesaini. Sasa sijui hata kama harusi ipo. Hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumapili nitakwenda. Nitamwomba radhi kaka, na nitamwomba mbele ya watu, kama alivyonibebea mbele ya watu.

Nimesharudi nyumbani. Ni pangu kuanzia msingi hadi bati, hakuna anayebisha. Hakuna hata mtu wa kubisha naye.