Neno Moja Alilobadilisha Neema

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita
Maneno ishirini kabla ya kwenda kuteka maji. Shiken, mtihani. Sotsugyō, kuhitimu. Hili la pili linanifunga ulimi. Saa kumi Neema akafika na kaye yake, daftari la maneno. Miaka mitatu tunasoma Kijapani pamoja, kwenye kituo cha lugha kule Himbi. Mimi nashika maneno upesi, yeye ana sauti. Mtihani wa mdomo ni Ijumaa: kila mmoja aeleze jambo lililompata. Wa kwanza ataenda kusoma Japani.

Jumanne, tarehe 3
Nimemuomba mama ruhusa nieleze juu ya mdogo wangu, aliyefia mgongoni mwake tulipokuwa tunakimbia vita kuja hapa kambini Kanyaruchinya.
"Eleza," akasema. "Lakini usiongeze kitu."

Jumatano, tarehe 4
Nimemsomea Neema yote. Alilia. Akaomba nimwandikie maneno magumu. Nigeru, kukimbia. Senaka, mgongo. Otōto, mdogo wa kiume. Imōto, mdogo wa kike. Akauliza mara mbili tofauti ya hayo mawili. Nikafurahi.

Ijumaa, tarehe 6
Neema aliingia chumba cha mtihani mbele yangu. Mlango ni wa mbao nyembamba, nikasikia yote. Nigeru. Senaka. Sentensi zangu, moja moja. Hata pale ninapovuta pumzi, naye alivuta. Neno moja tu amebadilisha: imōto.

Neema hajawahi kukimbia popote. Walihama kutoka Bukavu kwa sababu papa yake, karani, alipata kazi huku. Wadogo zake watatu, wote wa kike, wako nyumbani, wazima. Alitoka akanipita kama hanijui.

Nikaingia. Sikuwa na hadithi nyingine. Nilipofika kwenye mgongo, mwalimu akainua mkono.
"Neema ametoka kutuambia hayo hayo. Nani amemwibia mwenzake?"
Kijapani chote kikanitoka. Hata Kiswahili. Nikalia tu. Walimu wakaandika.

Jumamosi, tarehe 7
Nilienda kwao.
"Neema, sababu gani?"
"Mimi sina kitu cha kueleza. Ningesema nini? Nilikula, nililala, nilisoma?"
"Ungesema hivyo."
"Wewe uko na hadithi mingi."
Mingi! Kama vile nguo. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, tarehe 12
Wamebandika matokeo. Neema wa kwanza. Mimi nimepita kwa shida. Mwalimu aliniona, akageukia ukuta.

Jumapili, tarehe 15
Baada ya misa. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nimemwambia yote, wiki nzima nilikuwa nimemficha. Nilingoja apige kelele.
"Alitaja jina la mutoto?"
"Hapana. Alisema tu 'mdogo wangu'."
"Basi huyo hakuwa Kambale."
Akasogeza ungo katikati yetu. Tukachambua mpaka yakaisha.