RNA ndefu iko mlangoni

Jumamosi, jua likishuka

Ukurasa mmoja tu, na bado sijauelewa. Mtihani wa biolojia ni kesho kutwa, na Mama anapiga masolo, soga tu, na majirani mlangoni tangu asubuhi. Jana nilimwambia kwa hasira kwamba hana kazi.

Mwanga wa ziwa Mweru ulikuwa unatembea juu ya kitabu, na herufi zikaelea pamoja na harufu ya samaki wanaoanikwa. Nilisoma kama naota. Ndani ya seli, RNA ndogo hunyamazisha ujumbe wa jeni kabla haujawa protini. Kuna RNA nyingine, ndefu, ambayo yenyewe haitengenezi protini yoyote. Hiyo huzikamata zile ndogo, zikashikamana nayo, na ujumbe ukapita.

Ndipo nikasikia jirani akiniulizia, nimusomee barua ya ofisi. Wote hunijia mimi, kwa sababu najua Kiingereza.

"Iko nalala," Mama akasema juu yangu, nami niko macho, akamsogezea kiti. "Ikala kwanza, unipe habari ya batoto."

Huyo alikuwa wa sita kuniulizia leo. Wote waliketi, wakacheka, wakaondoka bila kuniita.

Ukurasa nimeuelewa. Lile neno la jana, sijui nitalirudisha namna gani.